Bati la Saa Kumi

Juzi Mama alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu, wa dakika mbili na kidogo. Nilikuwa nimekaa kitandani katika chumba ninachokodi hapa Mahoo, kwenye mashamba ya ndizi, hedifoni masikioni, kompyuta yangu kuukuu juu ya ndoo iliyopinduliwa, maiki nimeivisha soksi ya mtoto ili isinase pumzi. Nilikuwa narekodi wimbo wangu mwenyewe, mmoja wa zile nyingi ambazo sijamaliza mwaka huu. Nikauacha, nikasikiliza ujumbe. Mama alisema mvua bado. Alisema nguchiro amebeba kuku wawili. Alisema yeye yuko sawa kabisa, nisisumbuke, nikae tu huko niliko. Na nyuma ya sauti yake, mbali kidogo, kulikuwa na kitu kinagonga.

Ta. Ta. Ta.

Mtu mwingine asingekisikia. Mimi masikio yangu yaliharibika zamani. Nikiingia nyumba ya mtu nasikia friji kabla sijasikia salamu. Nilivua hedifoni nikakaa. Chumba kilikuwa na harufu ya ndizi mbivu, kama vyumba vyote vya huku, lakini puani mwangu kulikuwa na harufu nyingine kabisa: bati lililochomwa na jua mchana kutwa, vumbi jekundu, na plastiki ya redio inayopata moto.

Nianze na hiyo plastiki.

Tulikuwa tukiishi nje kidogo ya mji wa Voi, upande wa Ndara, pale ambapo nyumba zinaanza kuachana na vichaka vinaanza kukaribiana. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, kuta za udongo zilizopakwa simiti, paa la mabati lililo chini kiasi kwamba Baba alikuwa akiinama mlangoni. Katika chumba cha mbele, juu ya kitambaa cha kufuma, kulikuwa na redio kaseti nyeusi, kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Baba aliinunua alipokuwa akikata mkonge, kabla kazi haijaisha. Ikiwaka kwa nusu saa mgongo wake ulipata moto na kutoa harufu tamu, kama ugali unaoanza kushika sufuria, na mimi nilikuwa nikiweka pua yangu pale. Ilikuwa na vitufe sita. Vitano vilikuwa vimefutika kwa vidole. Cha sita, chenye alama nyekundu, kilikuwa kipya kabisa, kwa sababu hakuna aliyewahi kukibonyeza.

Nilikibonyeza mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Niliporudisha kaseti nyuma nikasikia jogoo, nikasikia sufuria, halafu nikasikia mtoto mwenye mafua akisema halo, halo. Nikamuuliza Mama huyo mtoto ni nani na aliingia saa ngapi. Mama alicheka mpaka akaketi chini.

"Ndiye wewe huyo, Wakio. Ndivyo tunavyokusikia kila siku."

Ilikuwa kaseti ya rumba ya Baba, na katikati ya wimbo alioupenda kuliko zote sasa kulikuwa na jogoo. Hakunichapa. Tangu siku hiyo, wimbo ukifika kwa jogoo alikuwa anaongeza sauti.

Nataka mjue kwamba sikuwa mtoto wa kukaa. Mwalimu wa darasa la tano aliandika kwenye ripoti yangu kwamba ningefanya vizuri kama ningepata gundi. Nilikuwa nikitumwa chumvi narudi baada ya saa mbili, nimepitia kituo cha reli kuona mabehewa, nimepitia kwa mtu anayechinja mbuzi, na chumvi nimesahau. Kitu pekee kilichonifanya nitulie ni kusikiliza kitu nilichorekodi. Nilirekodi kila kitu: gari la moshi, mbuzi wa Mzee Mutua jirani yetu, mvua, mwalimu akikohoa. Baadaye nikaanza kujirekodi nikiimba, na hapo ndipo utulivu ulipoisha tena, kwa sababu sauti moja haikunitosha. Nilitaka sauti mbili. Nilitaka ngoma. Nilitaka kwaya nzima, na wote wawe mimi.

Aliyeniponza ni Fundi Athmani. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko, mtu wa pwani, kofia yake safi kila siku katika mji ambao hakuna kitu kinachobaki safi. Nilikuwa nikipita kwake nikitoka shule.

"Wewe binti wanichosha," alikuwa akisema. "Jana wauliza kichwa cha redio ni kipi. Leo wauliza kwa nini kina kichwa na hakina macho. Haya, nipe bisibisi, kaa kitako, nyamaza."

Nilikaa kitako, sikunyamaza. Mwisho akanipa redio ndogo ya kaseti iliyokatika mkono mmoja, isiyoshika stesheni yoyote, lakini bado inarekodi. Akanifundisha ujanja. Unacheza kaseti kwenye redio moja, unaimba au unapiga ngoma kando yake, na redio ya pili inanasa vyote pamoja. Tayari umekuwa watu wawili. Unahamisha tena, unakuwa watatu.

"Lakini angalia," akasema. "Kila ukihamisha, yule wa kwanza arudi nyuma hatua moja. Ukizidisha, atatoka nje ya nyumba na hutamwona tena."

Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimesikia mpaka pale pa kuwa watu watatu.

Sasa, Baba. Kazi ya mkonge ilipoisha alikaa nyumbani miezi michache akizunguka ua kama mtu aliyepoteza funguo. Nimerithi miguu yake, najua jinsi ilivyomwasha. Mwezi wa kwanza akapata kipande cha shamba cha kulima vitunguu huko Mboghoni, kwenye mifereji. Alisema wiki kumi, vitunguu vikitoka anarudi. Akabeba godoro, nyundo yake na redio yake ndogo ya kaseti, ile ya betri mbili. Wiki kumi zikaenda. Mwezi wa sita Mama Saru, aliyekuwa akileta ndizi Voi kutoka huko kwa lori, akatuletea habari. Alisimama mlangoni na hakukubali chai, hapo nikajua ni habari.

"Mama Wakio, nimemuona. Ako mzima. Lakini maji ilipita juu ya hivyo vitunguu yote. Hakubaki hata cha kukatia nyanya."

"Amesema anakuja lini?" Mama akauliza.

"Hakusema. Aliniona akajifanya anakoroga dawa ya shamba. Mwanaume akiona haya ni kama kuku akinyeshewa, dada. Anasimama tu."

Wakati huo Baba hakuwa na simu, na mtaani simu pekee ilikuwa ya Mama Saru mwenyewe, na kuzungumza kwa simu ya Mama Saru ilikuwa kuzungumza na mtaa. Mama pia hakuwa mtu wa kuandika barua. Alikuwa mtu wa kuimba. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya akina mama kanisani, na mwili wake wote ulikuwa unafuata mapigo hata pasipo wimbo. Alikata sukuma kwa mapigo. Alifua kwa mapigo. Ukikaa karibu naye anapopepeta mchele unaanza kutikisa mguu.

Wiki ile ile, nikitoka shule, nikakuta nyundo ya Mzee Mutua mezani kwetu na Mama akipangusa vumbi kwenye leso. Sikuuliza. Na jioni hiyo, upepo wa saa kumi ulipoteremka kutoka kilimani kama unavyoteremka kila siku katika miezi ile, bati moja juu ya chumba cha mbele likaanza kugonga.

Kama hujaishi chini ya bati lililolegea siwezi kukueleza. Linanyamaza mpaka unasahau, kisha linapiga mara mbili. Unangoja la tatu, haliji. Unashika kijiko, linapiga. Mzee Mutua mwenyewe alikuja siku ya pili, akasimama nje ameinua shingo.

"Mama Wakio, kwani ile nyundo yangu mlifanyia nini? Hii mabati inapiga kelele mpaka mbuzi zangu hazitafuni vizuri. Wacha nipande, ni dakika mbili."

"Asante, mzee," Mama akasema. "Mwenye nyumba yuko."

Na hilo likaisha. Kwetu mwanamume hapandi juu ya paa la mwanamume mwingine aliye hai, hata kama paa linavuja kwenye sufuria. Ni kama kumwambia mkewe kwamba hana mume. Mzee Mutua alijua hivyo vizuri kuliko sisi, akarudi kwa mbuzi wake.

Mimi nilikuwa nakaribia kuwa mwendawazimu. Kila nilichorekodi jioni kilikuwa na bati ndani yake. Nilihamia chini ya kitanda, nikajizungushia magunia na blanketi kama studio, nikatoka jasho, na bati likanifuata humo. Siku moja nikitafuta pamba ya kusafishia kichwa cha redio, nilifungua mkebe wa Mama wa vifungo na nyuzi, na humo chini nikakuta misumari mitatu ya bati, ile yenye kofia pana na raba yake. Nilifurahi sana. Nikatoka nayo nje mkononi.

"Mama, misumari ndiyo hii. Mimi si mwanamume. Nikipanda haihesabiki."

Sijawahi kumwona akigeuka haraka vile.

"Rudisha hiyo misumari mahali umeitoa."

"Lakini Mama, ni mitatu, na bati limelegea mahali—"

"Wakio."

Niliirudisha. Nilinuna siku nzima, na kununa kwangu kulikuwa kwa kutembea. Nilifika mpaka karibu na uzio wa ranchi na kurudi.

Baada ya hapo kama wiki mbili, Mama akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akaketi mbele ya redio na mikono mapajani, kama yuko kwa daktari.

"Mama Saru anaenda Mboghoni keshokutwa. Nataka unirekodi. Nitamwimbia baba yako wimbo mmoja, basi."

Mnaelewa? Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anahitaji kile ambacho kila mtu aliita kuharibu betri. Nilimpangia mambo kama fundi mkubwa. Nikamwambia turekodi asubuhi na mapema, kabla ya upepo, wakati Voi yote imetulia. Akakataa. Nikamwambia basi tuombe chumba cha nyuma kanisani, pale pana mapazia. Akakataa.

"Hapa," akasema. "Saa kumi."

"Saa kumi bati litaingia."

"Saa kumi, Wakio."

Akaimba kesho yake saa kumi. Ulikuwa wimbo wa zamani wa Kidawida, lugha ya kwetu, wa kumwita mtu aliyechelewa shambani: chakula kimeiva, mbuzi wamerudi, wewe unaangalia nini huko. Mama hakupaza sauti kama kanisani. Aliimba kama mtu anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili. Nami nilishika pumzi, kidole kwenye kitufe, na kila mstari bati likapiga. Ta, ta-ta. Kimya. Ta. Niliposikiliza nilitaka kulia. Sauti nzuri namna ile, na juu yake mtu anatupa sufuria.

Kwa hiyo nikaamua kumsaidia.

Tulikuwa na kaseti mbili, ya rumba na ya mahubiri. Mama alikuwa kwenye ya rumba. Alipokwenda kuteka maji nikaingia studio yangu chini ya kitanda. Bati halikuweza kufutika, hilo nilijua, lakini nilifikiri linaweza kufichwa. Nikachukua mtungi wa plastiki, nikacheza Mama kwenye redio kubwa, nikapiga mtungi hivi kwamba bati likawa linaangukia ndani ya ngoma, na redio ya mkono mmoja ikanasa yote juu ya mahubiri. Ilifaulu. Kweli, ilifaulu. Bati lilikuwa sasa sehemu ya ngoma. Lakini mtu akishaweka ngoma anasikia kwamba panakosekana kayamba. Nikahamisha tena kurudi kwenye kaseti ya rumba, juu ya ile ya kwanza, na nikaweka kayamba ya mbegu ndani ya kopo. Halafu nikahamisha tena kuweka sauti yangu, iwe ya pili kwa ya Mama. Halafu ya tatu. Kila nilipomaliza niliona bado. Sikuweza kuacha. Vidole vilikuwa vinaniwasha, jasho linanidondoka kwenye vitufe, na sikumsikia Mama akiweka mtungi wa maji chini.

"Tusikie," akasema.

Nikamchezea. Nilijivuna, msinicheke. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na kayamba, kulikuwa na Wakio wawili wakiitikia, na juu ya yote sauti kama mafuta ya kukaanga. Mama mwenyewe alikuwa amerudi nyuma hatua nne. Ilikuwa kana kwamba anaimba akiwa juu ya kilima cha Ndara na sisi tuko huku chini kwenye harusi ya watu wengine.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja aseme sauti yake iko wapi. Nilikuwa nimeandaa jibu.

"Bati liko wapi?" akauliza.

"Nimelificha, Mama. Halisikiki hata kidogo."

"Litoe tena."

Nilimweleza kwamba haliwezi kutoka, ile ya kwanza nimesharekodi juu yake, haipo tena. Nikaona uso wake ukishuka polepole, kama mtu anayeona lori likiondoka na mzigo wake. Sikuwa nimewahi kumwangusha mtu hivyo kabla ya hapo. Upepo ulikuwa umeshapita. Mama Saru alikuwa akiondoka asubuhi, saa tatu, na asubuhi hakuna upepo Voi, kuna nzi tu na joto linaloanza kazi.

Asubuhi hiyo Mama aliniamsha mapema, akanizuia kwenda shule, jambo ambalo pia sikuwahi kuona. Alikuwa ameshika mpini wa jembe. Alipanda juu ya stuli, akasukuma bati kwa chini, likainuka na kuanguka. Ta.

"Washa," akasema.

Nikawasha kaseti ya mahubiri. Akaimba huku akigonga. Tulipoirudia kusikiliza tuliangaliana, kisha yeye mwenyewe akaanza kucheka. Bati lilikuwa linapiga sawasawa na wimbo, moja, mbili, tatu, kama mwalimu wa kwaya amesimama juu ya paa.

"Mimi siwezi," akasema. "Mkono wangu unafuata wimbo. Shika wewe."

Nikapanda stuli. Yeye akaketi mbele ya redio. Niligonga vizuri, nilidhani, mpaka akanikatiza.

"Unapiga ngoma. Usipige ngoma. Gonga kama upepo. Upepo hauhesabu."

Jaribu siku moja. Jaribu kugonga kitu bila kuhesabu. Mara ya pili nikaharakisha, mara ya tatu nikaacha pengo lililofanana na pengo jingine. Nje tukasikia honi ya lori, na Mama Saru akaanza kuita kutoka njiani.

"Mama Wakio, kwani hiyo kaseti ni ya injili ama ni ya mapenzi? Dereva anasema anaenda."

"Dakika tatu," Mama akajibu, na kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Fikiria kitu kingine."

Nikafumba macho. Nikafikiria mabehewa ya reli, nikafikiria gundi ya mwalimu, nikafikiria Baba akiinama mlangoni. Kila nilipojisahau, mkono ulisukuma. Mama akaimba. Chakula kimeiva, mbuzi wamerudi. Ta. Wewe unaangalia nini huko. Ta-ta. Alipomaliza nikaruka chini, nikatoa kaseti ikiwa bado ina moto, nikakimbia nayo barabarani bila viatu na kumpa Mama Saru mkononi.

Sikuelewa. Nilidhani Mama anapenda sauti ya bati. Watu wazima walikuwa wanapenda vitu vya ajabu, kahawa chungu kwa mfano. Au labda alitaka Baba aone huruma. Nilifikia hapo, nikachoka kufikiri, nikaenda kuangalia mabehewa.

Baba alikuja siku ya soko iliyofuata, mchana, kwa lori lile lile la ndizi. Alikuwa amekonda na miguu imejaa tope kavu la mfereji. Hakuwa na mfuko wa zawadi wala mzigo, ila godoro lake, redio yake ndogo na nyundo. Alisimama uani akitazama paa, hakututazama sisi.

"Hilo bati nimelisikia mpaka Mboghoni," akasema.

"Linasumbua," Mama akasema.

"Upepo wa huku mbaya."

"Mbaya kabisa."

"Halafu ulipomaliza kuimba, kuna mhubiri akatokea akaniuliza kama niko tayari kurudi. Nusura nimjibu." Akakohoa. "Misumari iko?"

Mama akaingia ndani akarudi na mkebe wa vifungo. Akampa misumari mitatu. Baba akaigeuza kiganjani, mmoja mmoja, akaangalia raba, akaangalia urefu wake. Kisha akamwangalia Mama kwa muda. Nilidhani atasema kitu. Aliiweka misumari mdomoni, kama mafundi wote wanavyofanya, akapanda juu ya paa, na hata kama alikuwa na neno hakuweza tena kulisema.

Alipigilia saa nzima. Misumari mitatu, saa nzima. Aliposhuka chakula kilikuwa tayari.

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa mahali miaka miwili mfululizo. Nimefungasha ndizi, nimeuza nguo za mitumba Mombasa, nimepika kwenye hoteli ya madereva wa malori. Kila nilikokwenda nilikuwa na kitu cha kurekodia ndani ya begi, kwanza redio ya mkono mmoja, halafu simu, sasa kompyuta hii inayotaka kupigwa kofi ndipo iwake. Kwa muda pia nilikuwa msaidizi wa fundi wa paa huko Mwatate, miezi minne, nikimpokeza vifaa na kung'oa mabati ya zamani. Ni huko, nikiwa juu ya ngazi na koleo mkononi, nilipoelewa. Msumari unaong'olewa na upepo unatoka umepinda na raba imechanika, na haurudi kwenye mkebe wa vifungo. Unaanguka kwenye nyasi na mtu anaukanyaga. Msumari ulionyooka, raba yake nzima, umetolewa na mtu kwa nyundo yenye makucha, polepole, kwa uangalifu, akijua utahitajika tena.

Nilishuka kwenye ngazi nikakaa chini. Fundi akauliza kama nimeona nyoka.

Mama hakumwita Baba. Angemwita, Baba angelazimika kujibu kwa nini amekaa, na jibu lilikuwa ni mikono mitupu. Alimtafutia kazi ya kufanya nyumbani, kazi ambayo hakuna mwingine angeruhusiwa kuifanya, akamwacha aisikie mwenyewe. Na Baba alipoona ile misumari alijua yote, akaiweka mdomoni. Nimerekodi watu wengi wakisema wanapendana. Sijawahi kunasa kitu kinachokaribia ile saa nzima ya nyundo.

Baba tulimzika miaka minne iliyopita, kule kwetu kilimani. Baada ya mazishi nilimwambia Mama naondoka kidogo, nitarudi nikishajipanga, nikiwa na kitu cha kuonyesha. Mimi nilisema miezi mitatu. Nimerudi mara mbili, mara zote nikalala siku moja, begi likiwa mlangoni. Nyimbo hazijaisha. Sijajipanga. Na sasa mnajua kwa nini juzi nilivua hedifoni.

Baadaye niliivaa tena. Niliuweka ujumbe wa Mama kwenye kompyuta, pale ambapo sauti inaonekana kama vilima vidogo kwenye kioo. Maneno yake yalikuwa yamejaa katikati, mvua, kuku, yuko sawa, nisisumbuke. Na nyuma ya maneno, vilima vyembamba vya bati, kimoja baada ya kingine. Nikavipima. Kati ya cha kwanza na cha pili, kati ya cha pili na cha tatu, mpaka mwisho wa dakika mbili na kidogo, nafasi ilikuwa ile ile.

Upepo hauhesabu. Mama yangu, umri ule, alikuwa amesimama juu ya stuli, simu mkono mmoja na mpini wa jembe mkono wa pili, akiniambia nikae tu huko niliko.

Nilimtumia ujumbe wa sauti. Nilisema, "Mama, misumari iko?"

Alijibu baada ya muda mfupi sana. Bati lilikuwa limenyamaza.

"Iko," akasema. "Iko kwa mkebe."

Nikaivua maiki soksi yake, nikaanza kukunja nyaya.